Mti Mkavu wa Nyuma ya Tanuri

Siku ya kwanza ya mvua

Haya, andika. Andika ninavyosema, usinichambulie maneno kama unachambua mchele.

Jana bwana misitu alikuja na pikipiki yake, akaacha daftari kwenye kila nyumba inayopakana na msitu. Anataka msimu huu tumwandikie habari za ndege mmoja tu, yule bibi harusi. Tumemsikia lini, tumemwona wapi, alikuwa anafanya nini. Mvua ikiisha atapita kuyakusanya. Nikamwambia, mjukuu wangu, mimi shule naijua mlango, nilikuwa napeleka mikate pale narudi. Akasema, "Bibi, si una mkamwana aliyesoma? Wewe sema, yeye aandike. Na usiogope kusema mengi." Makubwa! Maisha yangu yote watu wananiomba nipunguze. Leo kapatikana wa kuniomba niongeze.

Basi ndege mwenyewe. Tunamwita bibi harusi kwa sababu amepambwa halafu amejificha. Mgongo wa kijani unaong'aa kama hariri, kifua chekundu kama pilipili iliyoiva, mdomo wa njano. Na rangi zote hizo unaweza kupita chini yake mara kumi usimwone. Anakaa wima juu ya tawi, kimya, saa nzima hajitikisi, na siku zote anakupa mgongo. Kijani juu ya majani ya kijani, utaona nini? Ukizunguka umwone kifua, naye anageuka. Ana maringo kama mtu fulani ninayemjua, anayeandika hapa.

Ndiyo, andika na hilo. Andika: mkamwana wangu ana mikono mizuri ya kukanda unga, lakini mdomo Mungu alimnyima. Mwaka wa tatu huu yumo nyumbani mwangu, ukitoa "ndiyo, Mama" na "hapana taabu, Mama" hujasikia neno. Anakanda amenipa mgongo, anakula amenipa mgongo. Mwanangu ni utingo wa lori, yuko barabarani wiki nane anarudi wiki moja. Kwa hiyo tunabaki mimi na huo mgongo.

Umeandika? Onyesha. Mbona mistari michache na mimi nimesema mengi?

Siku ya pili

Mvua. Mkate umetoka. Ndege hakuna. Nimechoka.

Siku ya nne

Leo ndege hakuna, basi nieleze kuni, maana bwana misitu anatakiwa ajue anayezungumza naye ni nani.

Nina tanuri la matofali, mzee wangu alilijenga kabla mwanetu hajaota meno. Tangu siku hiyo halijapoa. Hata alipokufa mzee wangu, waombolezaji walikula mkate wa moto. Mji mzima huu asubuhi unakula mkono wangu, ukianza na muuza chai wa pale kona, shoga yangu, ambaye bila mkate wangu chai yake ni maji ya kuogea tu. Na tanuri halili maneno, linakula kuni. Kibali changu kinaniruhusu kuni kavu, mti uliokufa wenyewe. Hilo andika kwa wino uliokoza: miaka yote hii sijawahi kukata mti mbichi. Hata mmoja. Wapo waliokata usiku wakafungwa. Mimi, hapana. Mimi nilichukua maiti tu.

Sasa kibandani nina kuni za wiki tatu, nikibana. Zikiisha ipo akiba: ule mti mkavu mkubwa nyuma ya tanuri, hatua arobaini ukiingia msituni. Mwanangu akichelewa nitamwita mtu aukate. Huo peke yake unanivusha msimu.

Goti linauma. Magunia mawili ya unga yameingia unyevu chini. Mvua haijali.

Siku ya sita

Mvua. Mkate umetoka. Sauti ya mbali, huu-huu, huu-huu, mbili mbili. Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa tumbo la mtu.

Siku ya tisa

Ni yeye. Nimemsikia asubuhi nikitoa mikate. Huu-huu, huu-huu, inaanza chini kama mtu anayeona haya, halafu inapanda. Ukifuata sauti kulia, kumbe yuko kushoto. Zamani nilipokuwa msichana wa kuni, sauti hiyo ilikuwa kila upande, unamsikia huyu hapa anajibiwa na yule kule, kelele kama soko. Sasa ni mmoja tu, na hajibiwi. Nilidhani masikio yangu ndiyo yanazeeka.

Siku ya kumi na mbili

Leo sina raha na ninayotaka kusema yanamhusu anayeandika. Andika tu.

Muuza chai amekuja kuchukua mikate, akaninong'oneza, na yeye akinong'ona wanasikia mpaka ng'ambo. "Shoga, mkamwana wako ana jambo huko nyuma."

"Jambo gani?"

"Kila siku mkate ukishatoka anabeba ndoo ya maji machafu anakwenda nyuma. Maji ya kumwaga yanachukua saa nzima? Yanamwagwa tone tone?"

"Labda anapumzika."

"Mtu anayepumzika hachungulii nyuma kwanza kama mwizi wa kuku."

Nikacheka, lakini moyo ukaingia mchanga. Mwanangu yuko barabarani, na huyu ni kijana, na kimya cha mtu huwezi kujua kimefunika nini. Ukiona chungu kimefunikwa sana, ama kuna nyama ama kuna aibu.

Mbona umeacha kuandika? Nimesema andika tu.

Siku ya kumi na tatu

Leo kalete kiti ukae vizuri, maana maneno ni mengi.

Nimemfuata. Mkate ulipotoka akachukua ndoo, akapita nyuma ya tanuri. Nikahesabu mpaka nilipojua kuhesabu, nikachukua fimbo yangu, nikaenda na goti langu hili, tope limenishika miguu kama mtoto anayelilia kubebwa. Njiani nilishapanga matusi yote. Nilikuwa nayo ya kutosha ukoo mzima.

Nikamkuta amekaa juu ya ndoo ameipindua. Amenipa mgongo, kama kawaida yake. Peke yake. Nikavuta pumzi nianze, naye bila kugeuka akainua mkono. Hivi, kiganja kwangu. Nyamaza! Mimi! Mama mzaa mumewe, kunyamazishwa na kiganja!

Na nikanyamaza. Sijui kwa nini. Nafikiri ni mshangao.

Akanong'ona, "Mama, pale. Karibu na tundu. Usitikisike."

Nikaangalia mti mkavu, ule ule wa akiba yangu. Naona shina tu, na tundu jeusi juu kidogo ya kimo cha mtu aliyebebwa mabegani. Macho yangu yana ukungu, vitu vyote vya mbali ni uji. "Sioni kitu," nikasema. Akasema, "Tawi la mti wa jirani yake, hapo kushoto. Anatupa mgongo." Nikaangalia sana mpaka machozi yakatoka, na jani moja likageuza kichwa. Likatutazama kwa jicho moja jeusi la mviringo. Halafu likaruka, bila kelele, likaingia ndani ya tundu. Katika kuruka nikaona wekundu kidogo, kama mtu amefungua mlango wa tanuri akafunga.

Tukakaa. Mvua ikaanza tena, hatukuondoka.

Nikamwuliza, "Tangu lini?"

"Wiki sasa, Mama. Walikuwa wanachokoa tundu, wote wawili, kwa zamu. Nafikiri wana mayai."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambia, ungesema kuni ni kuni."

Kweli ningesema. Nikamwuliza tena, "Na wewe unafuata nini huku na mvua hii? Ya daftari si mimi ndiye nakwambia?"

Akageuza uso kwenye tundu, nikajua sitajibiwa. Halafu akasema, "Huku siitwi."

Maneno mawili. Nimerudi nayo nyumbani kama nimebeba gunia. Maana ni kweli, tangu alfajiri mpaka taa zinazimwa jina lake liko mdomoni mwangu: njoo, lete, shika, geuza, angalia moto. Sikuwahi kuhesabu.

Sasa hapa weka kalamu chini. Hili usiandike.

Mti ule haukufa kwa uzee. Niliuua mimi. Kibali kinasema mti uliokufa wenyewe, na iliyokufa yenyewe ilikuwa inaadimika, basi sisi wanawake wa kuni tukawa na akili zetu. Unachagua mti uliojificha, unabandua gome kuuzunguka, upana wa mkanda, halafu unapaka tope ionekane ni mchwa. Unauacha na Mungu wake. Mwaka wa kwanza majani yanageuka njano. Wa pili unabaki mifupa. Wa tatu unakwenda na shoka mchana kweupe na bwana misitu anakusalimia. Sijakata mti mbichi, kweli sijakata. Ule niliufunga mkanda mwaka aliokufa mzee wangu, kwa kisu chake, nikasema nitakapokosa mtu, nisikose kuni. Akiba haiozi, wahenga walisema. Hii yangu ikaoza katikati, na ndani ya uozo ameingia mgeni.

Bwana misitu akijua, kibali kimekwenda, na tanuri limekwenda. Ndiyo maana nakwambia usiandike.

Siku ya kumi na nne

Mvua. Mkate umetoka. Ndege yumo ndani ya tundu. Mkamwana anasema, "Mama, kuhusu kuni, kule kiwanda cha mbao..." Nikamwambia usinifundishe moto, mimi nimeanza kuwasha kabla mama yako hajaposwa. Akarudi kukanda.

Siku ya kumi na tano

Mvua. Ndege yumo.

Siku ya kumi na nane

Kuni zinakwisha haraka kuliko nilivyopanga, maana za chini ya rundo zimelowa. Nimechanganya mbichi kidogo za kuokota, vitawi vilivyoangushwa na upepo. Moshi umetutoa machozi kama tumefiwa. Mikate imetoka na uso wa majivu. Muuza chai anasema wateja wake wanauliza kama siku hizi nakausha samaki.

"Si una mti mzima mkavu nyuma ya nyumba?" akaniambia. "Tafuta kijana mwenye shoka, kesho uko motoni."

"Una ndege."

"Una nini?"

"Una ndege, shoga. Ndani."

"Umri huu," akasema, "wenzako wanaanza kusahau majina ya watoto. Wewe umeanza kukumbuka ndege."

Tulicheka, lakini usiku sikucheka. Nimechoka na nimechoka kuchoka.

Siku ya ishirini na moja

Bwana misitu amepita. Tumempeleka. Kijana wa watu alipomwona ndege akashika mdomo kwa mikono miwili. Anasema kwa upande huu wote hili ndilo tundu la kwanza wanaloliona, yeye alikuwa ameshaanza kuandika kwamba ndege huyu hapa ametoweka.

Akatueleza mambo. Hajengi kiota, hana ufundi huo, anataga juu ya unga unga wa mti uliooza. Ndiyo maana lazima apate mti mkavu mnene wenye tundu, mti mbichi haumfai. Na anayelalia mayai mchana ni baba. Mama analalia usiku. Nikamwuliza mara mbili. Baba! Marehemu mzee wangu alikuwa mtu mwema, lakini mtoto akilia alikuwa anatoka kwenda kuangalia mvua hata kiangazi. Na yule anayeimba huu-huu, naye ni dume. Kumbe miaka yote tunamwita bibi harusi, ni bwana harusi amekaa ndani analea.

Nikauliza, mbona anatupa mgongo, ana dharau? Akasema, "Hapana, Bibi. Ni woga. Kifua chake kinaonekana mbali, akikigeuza kwako ni kama amepiga kelele kwamba yuko hapa. Anakupa mgongo ili aendelee kuishi."

Mimi nikaangalia chini. Aliyekuwa pembeni yangu naye akaangalia chini.

Halafu kijana akapapasa shina, akafika pale penye mkanda wangu, akasema, "Sijui ulikufaje mti mzuri hivi." Mkamwana alikuwa amesimama karibu naye kuliko mimi. Nikasema, "Uzee." Akasema, "Pole yake." Mkamwana hakusema kitu. Ningempa mkate wote wa siku hiyo kwa kile kimya.

Siku ya ishirini na tatu

Mvua. Mkate umetoka nusu.

Siku ya ishirini na sita

Leo tumetoka sote wawili kutafuta mti mwingine mkavu, wowote, nimwachie huyu wake. Nilisema msitu mkubwa, hautakosa. Tumetembea tangu mikate ya asubuhi mpaka jua la mchana, kama lingekuwepo. Goti langu nimelivuta kama mbuzi wa sokoni.

Hakuna. Visiki tu. Na visiki vyote navijua. Hiki kilioka mikate ya harusi ya mwanangu. Hiki, mikate ya msiba wa mume wa muuza chai. Hiki ni cha mwaka wa njaa, kiliungua vizuri sana, nakumbuka rangi ya moto wake. Nilikuwa navionyesha kama mtu anayeonyesha nyumba za jamaa zake mtaani. Mkamwana akasimama juu ya kimoja, akaniuliza, sauti ya chini ile yake, "Mama, na miti hii ilikuwa na matundu?"

Nikamwambia, "Sikuangalia matundu. Mwenye tanuri anaangalia unene."

Halafu likanijia gogo moja, zamani, mzee wangu yuko hai. Nililipasua, ndani yakatoka manyoya ya kijani, membamba, mepesi. Nilipuliza yakaruka, nikapeleka gogo motoni. Mkate siku hiyo ulitoka mzuri.

Nimekaa juu ya kisiki kile kile cha mwaka wa njaa. Maisha yangu yote nimetembea na kichwa juu, mimi nachukua maiti tu. Kumbe nilikuwa navunja nyumba, mlango baada ya mlango, na wenyewe wakinyamaza mmoja mmoja nasema masikio yangu yanazeeka.

Mkamwana akanishika mkono tukarudi. Hakunipa mgongo. Njia nzima alitembea kando yangu.

Siku ya ishirini na saba

Tumechoma kitanda changu. Kile cha ndoa. Mzee wangu alikuwa fundi, mbao ngumu, zimewaka taratibu, zimeoka mara mbili. Nitalala chini, sakafu haianguki. Muuza chai ameonja akasema, "Shoga, mkate wa leo una ladha ya ndoa yako."

Nikamjibu, "Ndiyo maana umeungua chini."

Siku ya ishirini na tisa

Baba ametoka tunduni na ganda la yai mdomoni, akalitupa mbali. Halafu mama akaingia na kiwavi. Mkamwana ndiye aliyeona, akaninong'oneza. Wamezaliwa.

Tumerudi nyumbani, kibanda cha kuni kimebaki magome na mende. Nikachukua shoka. Siyo la kwenda kule, hapana, nililichukua tu nikalishika, mkono ulitaka kitu cha kushika. Mkamwana akanitazama usoni. Nikaliweka chini ya meza ya kukandia. Nikaiangalia na meza. Akasema, "Mama, meza hapana."

Basi. Saa ya kukanda imefika, hatukukanda. Tumekaa mbele ya tanuri tukiangalia makaa yanavaa majivu. Nilifikiri nitalia. Nilisinzia.

Siku ya thelathini

Mvua. Mkate haukutoka. Nimelala mpaka jua likapanda, mara ya kwanza tangu niolewe.

Siku ya thelathini na tatu

Mji umenichukia. Mteja mmoja amepita akasema nimeroga mkate. Muuza chai anauza chai kavu na ananitetea, anawaambia, "Mwacheni, analea." Matofali ya tanuri yamepoa kabisa, nimeyapapasa, yako kama mgongo wa chura.

Kila siku tunakaa kule nyuma, yeye kwenye ndoo, mimi kwenye kiti. Simwiti. Nikitaka kitu nanyanyuka mwenyewe, au nasahau nilikuwa nataka nini. Naye amekuwa anasema. Siyo mengi. Jana kanihadithia kwamba mama yake alikuwa anasema peke yake akifua nguo, na yeye akaapa hatakuwa hivyo. Nikamwambia, basi ndiyo umeletwa kwangu uadhibiwe. Alicheka. Ana pengo dogo la meno upande wa juu. Miaka mitatu, sikujua.

Siku ya thelathini na nane

Upepo. Upepo mbaya. Mabati ya kibanda yameng'oka mawili. Tukiwa ndani tukasikia kule nyuma kishindo, kaa! Tukaangaliana. Mkamwana akatoka bila kanga kichwani, mimi nyuma yake, mvua inapiga mdomoni.

Ni tawi. Tawi kubwa la juu la mti mkavu, limelala chini vipande vitatu. Shina limesimama. Tundu liko. Tumekaa pale tumelowa kama matambara, tunasubiri, hatujui kama ndani wapo wazima. Nilikuwa nasema na mti, kwa mdomo kabisa, nikauambia: nilikuua nikitaka ufe, sasa nakuomba usimame, nivumilie kidogo tu.

Halafu baba akatokea na panzi. Ndani pakalia vile vitoto, chiii, kama bawaba isiyo na mafuta. Mkamwana akanishika bega, tukacheka kama wendawazimu kwenye mvua.

Tawi lile halikuwa na mtu. Tukalivuta nyumbani. Likikauka litaoka siku mbili.

Siku ya arobaini na moja

Kohozi. Homa kidogo. Mkate wa tawi umetoka. Watu wameupokea kama mgeni kutoka safari.

Siku ya arobaini na sita

Mvua imepungua. Mkate hakuna. Ndege wapo. Mwanangu amepiga simu, wiki ijayo anakuja, anakuja na msumeno wa injini wa kuazima. Simu ikakatika kabla sijasema, au mimi ndiye sikusema. Nimechoka, nitasema akija.

Siku ya hamsini na tatu

Amekuja. Amekonda, ananuka dizeli, mwanangu. Ameona tanuri baridi akaliwekea mkono, akautoa haraka kama limemwunguza. "Mama, nani amekufa?"

Nikamweleza. Nikaeleza mengi. Akasikiliza mpaka mwisho, mtoto wangu ana subira, hiyo hakurithi kwangu. Akasema, "Sawa, vitoto vikae. Vikitoka nakata. Nina siku tano, msumeno ni wa watu."

Ni haki. Nilisema ni haki. Mkamwana alikuwa anaosha sufuria ametupa mgongo, na mgongo ule sasa naujua kuusoma.

Siku ya hamsini na nne

Wametoka. Asubuhi, mvua hakuna, jua la kwanza. Wawili. Mmoja akaruka moja kwa moja kama aliyeitwa, wa pili alikaa mdomoni mwa tundu muda mrefu sana, wa rangi ya vumbi na madoadoa, hana uzuri wowote. Baba akakaa tawi la mbele akimwita huu-huu, taratibu. Na ili amwite ilibidi ageuke upande wetu. Basi kifua chote kikawa kwetu, chekundu, na jua limekipiga. Hata macho yangu ya uji yaliona. Alikaa hivyo hivyo, wazi, mbele ya watu watatu na msumeno, mpaka yule mtoto akaruka.



Halafu mwanangu akavuta pumzi, akainua msumeno. "Haya. Nyumba imehamwa. Mama, nikate?"

Mdomo ulikuwa tayari, unajua mdomo wangu. Mti ule niliupanga mimi, niliusubiri mimi, goti hili linaudai. Nikasema, "Mwulize mkeo."

"Nimwulize nini? Kuni ni zako."

"Mwulize. Yeye ndiye alikuwa hapa."

Akageuka kwake. Naye akasimama kwenye ndoo yake, akamtazama mumewe uso kwa uso, akasema, "Hapana."

Andika hivyo hivyo. Hapana. Kama kuna herufi kubwa kuliko nyingine, weka hiyo.

Mwanangu akasema, "Sasa tutaoka kwa nini, kwa nyimbo?" Akamjibu, na hakunong'ona: "Mvua nyingine watarudi, na mti mwingine hakuna, tumeichoma yote, nimetembea na Mama tumeona. Lori lenu linarudi tupu kila safari, linapita mbele ya kiwanda cha mbao. Pale wanatupa mabaki marefu hivi, yanaoza nje. Tangu mwanzo wa mvua nataka kusema."

Mwanangu akaniangalia. Mimi nikaangalia miguu yangu. Alitaka kusema, siku ya kumi na nne, imo humu ndani ya daftari.

Msumeno umefungwa kwenye gunia. Anaurudisha kesho.

Siku ya hamsini na tano

Mvua imekwisha. Kesho bwana misitu anakuja kuchukua daftari. Nimemwambia mkamwana anisomee lote, tangu mwanzo, nijue nimesema nini.

Amesoma. Alipofika siku ya kumi na tatu, akasoma mpaka mahali pa kiganja, akasoma "huku siitwi", halafu akaendelea kusoma. Gome. Mkanda. Tope. Kisu cha mzee wangu.

Nikamwambia, "Hapo nilikwambia weka kalamu chini."

"Ndiyo, Mama."

"Ukaandika."

"Ulisema niandike unavyosema, nisichambue."

"Na pale niliposema usiandike?"

"Na hapo nimeandika, Mama."

Nikasema lete. Akanipa. Ukurasa wenyewe nimeujua kwa kuonyeshwa, mimi naona mchwa tu wamepangwa mstari. Karatasi laini, inachanika kwa vidole viwili, na tanuri pale limeshawashwa kwa vipande vya mwisho vya lile tawi, nilivyobakiza. Kibali changu chote kiko ndani ya ukurasa huo. Nimekaa nao mpaka mkate ukaiva, nikaunusa, nikajua umeiva.

Nimemrudishia daftari zima. Nimemwambia aongeze hapa chini, kwa mwandiko wake mzuri: bwana misitu, ulipouliza mti ulikufaje, nilikudanganya. Soma siku ya kumi na tatu. Ukija kuchukua kibali, njoo asubuhi, ule kwanza.

Sasa funga hilo daftari, mwanangu, ukapumzike. Mikate nitaitoa mwenyewe.